Mgonjwa harudi nyumbani peke yake, anarudi na kazi

Siku shosho aliporuhusiwa kutoka hospitalini, sista wa zamu alitupa maagizo tukiwa tumesimama kwenye korido, teksi ikitungoja nje. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Msimlishe akiwa amelala chali, atapaliwa. Mfuko wa mkojo usiinuliwe juu ya kiuno chake. Mkono na mguu wa kulia mnyoosheni kila asubuhi. Mkiona ngozi ya mgongoni imebadilika rangi, msingoje. Yote hayo yalichukua kama dakika tano. Kisha akatutakia heri, akarudi kwa wagonjwa wengine waliokuwa wakimwita.

Hakuna aliyeuliza nani atafanya hiyo kazi. Haikuwa lazima. Sote tuligeuka tukamwangalia dadangu.

Alikuwa na miaka 22, mwaka wa pili chuoni, na ilikuwa likizo. Mimi nilikuwa na 27, nachora mabango na kadi za harusi kwa kompyuta katika kibanda kidogo mjini Nakuru, kazi ambayo ningeweza kuifanyia nyumbani nikitaka. Sikusema hivyo. Nilisema nitakuwa natuma pesa. Hiyo ndiyo sentensi ya wanaume wa familia yetu, na kwa ninavyoona mtaani, si ya kwetu peke yetu.

Likizo ikaisha, dada hakurudi chuoni. "Muhula mmoja tu," tukasema. Sasa ni mwaka wa pili.

Sitaki usome haya kama hadithi ya huruma. Nakuambia kwa sababu kuna hesabu humu ndani ambayo nadhani nchi yetu inaipiga vibaya, na vijana ndio wanaolipia kosa hilo.

Shosho alipata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala, maneno yakapotea nusu. Hospitali ilimwokoa, na kwa hilo tunashukuru. Lakini mtu wa kiharusi hapatikani na nafuu yake wodini. Anaipata katika miezi inayofuata, kitandani kwake, kwa kunyooshwa viungo, kulishwa polepole, kugeuzwa, kuzungumzishwa. Wakati huo ndio wakati ambao hakuna anayekuja.

Nyumba yetu ni vyumba viwili upande wa Kaptembwo. Anayejua kule anajua: maji ni ya mitungi siku ambazo mfereji umekauka, na shuka za mgonjwa hufuliwa kila siku. Daipa za watu wazima, pakiti ya vipande 10, duka la dawa la karibu lilikuwa likituuzia Sh950, na pakiti moja ilitutosha siku tatu tukijibana. Glavu. Mafuta ya kupaka. Maziwa ya uji. Kliniki ya mazoezi ya viungo ilikuwa mara mbili kwa wiki, na shosho hawezi kupanda matatu, kwa hivyo ni teksi kwenda na teksi kurudi, Sh1,200 kila safari. Wiki ya nne tukaacha kwenda. Hatukukaa kikao kuamua. Siku moja pesa haikuwepo, siku iliyofuata haikuwepo, na mazoezi yakafa hivyo.

Dada alimgeuza shosho kila alipoweza. Lakini mtu mmoja hawezi kuamka kila saa mbili, usiku baada ya usiku, kwa miezi. Jaribu wiki moja tu. Kidonda kikafunguka kiunoni, kidogo kama shilingi. Baada ya siku kumi kilikuwa na ukubwa wa kiganja, na kulikuwa na harufu. Tukamrudisha hospitalini.

Alilazwa siku 11. Akasafishwa, akapewa dawa za nguvu, na sehemu kubwa ya bili ikalipwa na bima. Sikulalamika, nani angelalamika? Ila usiku mmoja nikiwa kwenye benchi la wodi niliwaza: bima yetu imelipa siku 11 za kutibu kidonda ambacho muuguzi mmoja, akipita kwetu mara mbili kwa wiki, angekiona kikiwa doa jekundu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kenya hulipia mgonjwa akiwa kwenye kitanda cha hospitali. Akihamia kitanda cha nyumbani, gharama haipotei. Inahamia kwa mtu mmoja ndani ya familia, kwa kawaida msichana, kwa kawaida kijana, na hapo inaacha kuitwa gharama. Inaitwa upendo.

Tangu Oktoba 2024 tumekuwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na asiye na mshahara hulipa kulingana na hali ya nyumba yake, isipungue Sh300 kwa mwezi. Angalia orodha ya huduma zake na utaona imejengwa hasa kuzunguka jengo: wodi, upasuaji, figo, mashine za picha, kujifungua. Kwa mgonjwa aliyelazwa katika hospitali ya Level 4 au Level 5, kitanda cha siku moja kinagharimu zaidi ya Sh3,000. Sasa piga hesabu na mimi, na hii ni hesabu yangu ya mtaani. Tuseme ziara moja ya muuguzi au mtaalamu wa viungo nyumbani ilipwe Sh1,000. Mara mbili kwa wiki ni Sh8,000 kwa mwezi. Hizo hazifiki siku tatu za kitanda. Siku 11 za shosho zingelipia miezi minne ya ziara, na bado kungebaki chenji.

Lakini ziara haina jina kwenye vitabu. Kidonda kina jina.

Na si kwamba nchi hii haijawahi kufikiria huduma za nyumbani. Tumeshazifikiria mara mbili, kila mara wodi zilipojaa. Mara ya kwanza ilikuwa Ukimwi. Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na 2002 Wizara ya Afya, kupitia NASCOP, ikatoa mwongozo wa kitaifa wa kuwahudumia wagonjwa nyumbani. Mamangu anaikumbuka miaka hiyo vizuri. Hospitali zilikuwa zinalaza wagonjwa wawili kitanda kimoja, dawa za kupunguza makali hazikuwa za bure bado, na kina mama wa vikundi vya kanisa na vya mtaa walipita nyumba kwa nyumba na mkoba wenye glavu, sabuni na dawa ya kuua viini. Walifundishwa wiki moja au mbili, wakaenda kuosha watu ambao hata ndugu zao waliogopa kuwagusa. Dawa zilipoenea, wagonjwa wakaanza kusimama, na kazi ile ikasahaulika kama vile haikuwahi kuwepo. Sijui kama kuna mtaa hapa Nakuru wenye barabara iliyopewa jina la mmoja wao. Lakini tuna barabara kadhaa zenye majina ya wanasiasa.

Mara ya pili unaikumbuka mwenyewe. Juni 2020, vituo vya Covid vilipoanza kujaa, Wizara ya Afya ikatoa mwongozo wa kutengwa na kutunzwa nyumbani. Ghafla kila mtu alijua neno hilo. Kwenye runinga tukaonyeshwa mgonjwa akiwa na chumba chake, choo chake, dirisha lililo wazi. Sisi wa chumba cha kumi kwa kumi tulicheka sana siku hiyo, kicheko cha kujikaza.

Mara zote mbili serikali ilihamisha kazi kwenda nyumbani bila kuhamisha pesa. Na sasa ni mara ya tatu, ila safari hii hakuna aliyetangaza janga. Ni kiharusi, sukari, presha, saratani, figo, usahaulifu wa uzeeni. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Hao ni wengi kuliko watu wote wa Kaunti ya Nakuru, ambao sensa hiyo hiyo iliwaweka milioni 2.16. Wazazi wetu wanaingia humo mmoja mmoja kila mwaka. Wewe uliye na miaka 25 leo, mwenye mama wa 52, fanya hesabu yako.

Kiswahili kina neno la kazi hii: kuuguza. Anayeugua ana faili, ana kadi, ana nambari ya bima. Anayeuguza hana hata karatasi moja. Mtu akimuuliza dadangu anafanya nini siku hizi, hujibu, "Niko tu nyumbani." Niko tu! Nimemwona akibadilisha shuka chini ya mtu wa kilo 70 bila kumwangusha na bila kumuumiza, jambo ambalo mimi lilinishinda kwa miezi.

Shirika la takwimu la KNBS lilifanya utafiti wa matumizi ya muda mwaka 2021. Likakuta kuwa wanawake hutumia asilimia 18.7 ya muda wao kwa kazi za nyumbani na za kutunza watu zisizolipwa, wanaume asilimia 3.6. Geuza asilimia hizo ziwe saa: mwanamke karibu saa nne na nusu kila siku, mwanamume hata saa moja haifiki. Nilipoziona takwimu hizo nilijijua. Mimi niko ndani ya ile 3.6, na kuna miezi ambayo nadhani niliishusha.

Sasa utaniambia kuna wahamasishaji wa afya ya jamii. Wapo, na sina neno baya dhidi yao. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua kikosi cha zaidi ya 100,000 kati yao pale Uhuru Park, wakapewa mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari, na simu ya kurekodi taarifa. Posho yao ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na kila mmoja anatakiwa kuhudumia takriban nyumba 100. Gawanya. Ni Sh50 kwa nyumba kwa mwezi. Hizo ni kama nauli ya kutoka kwetu hadi mjini, kwenda tu. Yule wa mtaa wetu ni mama mwenye moyo. Alikuja, akapima presha ya shosho, akaandika kwenye simu, akakaa dakika 15 akimpa dada moyo. Lakini hakufundishwa kuosha kidonda, na ana nyumba nyingine 99, zikiwemo za wajawazito na watoto wasiochanjwa. Kumwambia mama huyo pia awe muuguzi wa nyumbani kwa Sh50 ni kumtania.

Wenye pesa walishatatua jambo hili kimyakimya. Milimani na Section 58 kuna nyumba ambazo mhudumu aliyesomea huingia asubuhi na kutoka jioni. Tulipigia simu kampuni moja ya namna hiyo, wakataka Sh1,500 kwa zamu ya mchana. Kwa mwezi ni Sh45,000. Nilimshukuru aliyepokea simu, nikakata. Walio katikati, wasio na hizo lakini wana kidogo, humwajiri yaya. Ndiyo, yaya, neno lile lile la mtoto mchanga, na mara nyingi ni msichana yule yule aliyeletwa kutoka kijijini kulea mtoto, mtoto akakua, sasa analea babu. Mshahara wake? Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kilipanda hadi Sh16,113 nyongeza ya asilimia 6 ilipoanza Novemba 2024. Waulize mayaya watano unaowajua wanalipwa ngapi, halafu uniambie ni wangapi wanafika hapo.

Na kuna jambo ambalo linanichoma zaidi ya yote. Tembea katikati ya jiji letu, angalia mabango kwenye ngazi za majengo. Mengine nimeyachora mimi, nilipwe nile. Jifunze kutunza wazee. Jifunze kazi za nyumbani. Saudi, Qatar, Ujerumani. Mafunzo ya utunzaji wa nyumbani, yanayosimamiwa na NITA, ni sharti kwa anayekwenda kufanya kazi za ndani Ghuba. Mwaka 2021 tulitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi Uingereza. Septemba 2024 tukatia saini mengine na Ujerumani, Rais Ruto na Kansela Olaf Scholz wakiwepo Berlin. Nchi hizo zinajua thamani ya mtu anayejua kumgeuza mzee kitandani. Ujerumani ina bima maalumu ya utunzaji tangu 1995, na moja ya mambo inayoyafanya ni kumpa mgonjwa posho ya kila mwezi ikiwa anatunzwa nyumbani na jamaa zake. Huyo jamaa anaweza hata kuchangiwa pensheni. Soma tena hapo. Mjukuu wa Kijerumani anayemuuguza nyanya yake, muda wake unahesabiwa atakapozeeka.

Kwa hivyo tunao ujuzi, tunao vijana, tunazo hata kozi. Tunachokosa ni mtu wa kuwalipa hapa. Na milango ya nje si ya kutegemea. Uingereza, iliyokuwa ikichukua watunzaji wa wazee kwa wingi, iliwafungia viza waombaji wapya kutoka nje Julai 2025. Kuhusu Ghuba, sina haja ya kukusimulia majeneza yaliyorudi.

Najua majibu ninayopewa kila nikileta hoja hii kijiweni. La kwanza ni kwamba kumtunza mzazi ni baraka, na ukianza kuilipia unaiharibu. Watu wazima huniambia hivi kwa uchungu wa kweli, na siwadharau. Lakini Katiba, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kupata utunzaji na usaidizi unaofaa kutoka kwa familia zao na Serikali. Na Serikali. Hilo neno "na" tumelisoma kama "au". Tena baraka hiyo ikiwa tamu kiasi hicho, mbona haigawanywi sawa? Kwetu tuko wajukuu saba.

La pili ni kwamba pesa zipo tayari, za Inua Jamii. Wazee wenye miaka 70 na zaidi waliosajiliwa hupewa Sh2,000 kwa mwezi, na mpango huo pia una fungu la watu wenye ulemavu mkubwa. Ni mpango mzuri, na mtaani kwetu kuna babu ambao bila huo wangelala njaa. Lakini Sh2,000 ni pakiti mbili za daipa na chenji ya sabuni. Hizo ni za mzee kula. Hazikuwekwa kwa ajili ya anayemtunza.

La tatu ndilo zito: wizi. Ukisema SHA ilipie ziara za nyumbani, utafungua mlango wa ziara hewa. Tumeona Agosti 2025 Waziri Aden Duale akisimamisha vituo vya afya kwa madai ya bili za uongo, na hao walikuwa na majengo yanayoonekana. Itakuwaje kwa ziara ya chumbani mwa mtu Rhonda? Nakubali hatari hiyo ipo. Ila simu walizopewa wahamasishaji zina mfumo wa kurekodi nyumba walizotembelea. Ziara ingeweza kuthibitishwa kwa ujumbe kwa simu ya familia, kama M-Pesa inavyofanya: fulani amefika, bonyeza moja kukubali. Mlezi aliyeachwa bila muuguzi wiki nzima hatabonyeza moja ili kumfurahisha mtu. Amini mimi, dada angebonyeza kila tarakimu nyingine kwa hasira.

Kuna na upande wa kazi, ambao hauzungumzwi kabisa. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ukiugua wewe, ukijifungua, na wiki mbili ukiwa baba wa mtoto mchanga. Mamako akilazwa, huna siku hata moja iliyotengwa kwa hilo. Unaomba ruhusa, au unadanganya kuwa unaumwa tumbo. Hapa katikati ya Bonde la Ufa hilo si jambo dogo. Fikiria mamia ya wanawake wanaoingia kwenye mabasi ya mashamba ya maua Naivasha alfajiri. Wengi walitoka mbali, wamepanga vyumba vya karibu na shamba, wazazi wako Magharibi au Nyanza. Mzazi akianguka, wengine humleta kwenye chumba hicho cha kupanga, wakamwacha na mtoto wa shule au na jirani, wakaenda kufunga waridi za kuuzwa Ulaya. Wengine huacha kazi. Kwa vyovyote, anayelipa ni yule yule.

Sera ya kitaifa kuhusu kazi za utunzaji imekuwa ikiandaliwa na idara ya serikali inayohusika na jinsia kwa miaka kadhaa sasa. Iende haraka. Lakini mimi simngojei mtu wa Nairobi. Afya ni kazi ya kaunti, iko kwenye Ratiba ya Nne ya Katiba, na Nakuru si kaunti changa. Tuna hospitali ya rufaa ambayo wakubwa bado wanaiita PGH. Tuna chuo cha KMTC. Tangu Desemba 2021 sisi ni jiji. Bunge la Kaunti likitaka, linaweza kutenga pesa za majaribio katika wadi chache tu, tuseme Kaptembwo, Rhonda na moja ya Molo au Subukia ambako umbali ni tatizo tofauti. Wachukuliwe vijana waliokwisha kusomea kozi hizi na wamekaa wakingoja viza. Kila mmoja awekwe chini ya muuguzi wa zahanati. Wapewe orodha ya wagonjwa wanaoruhusiwa hospitalini wiki hiyo. Wiki ya kwanza waende kila siku, kumfundisha mtu wa nyumbani. Baadaye mara mbili. Ihesabiwe ni wangapi wamerudi wodini na vidonda, ilinganishwe na wadi ambazo hazikupata. Kama hesabu yangu ya mtaani ni mbaya, itaonekana. Kama ni nzuri, ipelekwe SHA ikiwa na takwimu zake.

Kampeni za 2027 zitakuja kwetu na malori ya muziki. Watatuuliza tunataka nini, tutajibu kazi, nao watatuahidi kazi bila kusema zipi. Hii hapa moja. Iko Kaptembwo, inafanywa saa hii, na aliye nayo halipwi.

Baada ya siku zile 11 mambo kwetu yalibadilika kidogo. Nilihamisha kompyuta nyumbani. Nachukua zamu ya usiku, dada analala. Miezi ya kwanza shosho hakutaka niguse nguo zake, alikuwa akinung'unika kwa yale maneno machache aliyobakiwa nayo, na nilielewa hata bila maneno: wewe ni mvulana. Dada akanifundisha kumfunika na leso wakati wa kumbadilisha ili asijione uchi mbele yangu. Hilo hata sista wa korido hakulitaja. Kidonda kimefunga. Mkono wa kulia sasa unashika kijiko, ingawa uji mwingi unaishia kwenye kifua.

Dada hajarudi chuoni. Amejiandikisha kwa ile kozi ya wanaokwenda Saudia, na mwalimu amemwambia yeye ndiye bora darasani kwa upande wa wazee. Bila shaka. Tumebishana sana juu ya safari hiyo, na sijashinda, kwa sababu swali lake huwa moja: hapa nitalipwa na nani?

Wakati huo huo nimefanya kitu kimoja ninachokiweza. Yale maagizo ya dakika tano ya korido, pamoja na mambo yote tuliyojifunza kwa makosa, nimeyachora kwenye karatasi moja kubwa, kwa Kiswahili rahisi na picha: namna ya kugeuza, pa kuweka mto, rangi ya ngozi ya kuogopa, urefu wa mfuko wa mkojo, ile leso. Muuguzi mmoja tunayemfahamu aliipitia akanirekebisha mahali pawili. Mama mhamasishaji wa mtaa wetu aliomba nakala kumi, akarudi akaomba nyingine thelathini. Faili ninayo kwenye kompyuta. Kaunti ikiitaka, sitaitoza hata shilingi.